Kuchagua Ndaki ya Kuomba katika Chuo Kikuu cha Cornell: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya wanafunzi wa kidato cha sita na waliomaliza KCSE, pamoja na wazazi wao, wanaofikiria kupeleka maombi ya shahada ya kwanza katika Chuo Kikuu cha Cornell, kilichopo mjini Ithaca, jimbo la New York, Marekani. Chuo hiki hakipokei wanafunzi wote kwa mlango mmoja. Kila mwombaji hulazimika kutaja ndaki moja (kwa Kiingereza college), yaani kitengo kimoja cha masomo cha chuo, na ndaki hiyo ndiyo husoma maombi yake. Kila msimu wa maombi naulizwa maswali yaleyale kuhusu uchaguzi huo, na mara nyingi huja katika wiki ya mwisho, wakati mwanafunzi amekwisha kujaza kila kitu isipokuwa kipengele hicho. Ningependa yaulizwe mapema zaidi.

Kwa nini Cornell inanilazimisha kuchagua ndaki, wakati vyuo vingine havifanyi hivyo?

Sababu iko katika namna chuo kilivyojengwa. Cornell kilianzishwa mwaka 1865 na Ezra Cornell pamoja na Andrew Dickson White, kwa nia ya kuwa mahali ambapo mtu yeyote angeweza kupata mafunzo ya somo lolote. Kilianzishwa pia kama chuo cha ardhi cha jimbo la New York, chini ya sheria ya mwaka 1862 iliyoyapa majimbo ya Marekani ardhi ya kugharimia vyuo vya kilimo na ufundi. Ndiyo maana hadi leo falsafa ya Kigiriki na ufugaji wa ng'ombe wa maziwa vinafundishwa katika chuo kimoja, tena kwa uzito uleule. Baadhi ya ndaki zake huendeshwa kwa mfuko binafsi wa chuo, na nyingine ziliundwa kwa sheria ya jimbo na hupata fedha za umma. Kila moja ina mkuu wake, masharti yake ya kuhitimu na maofisa wake wa udahili.

Harvard na Yale humpokea mwanafunzi wa shahada ya kwanza katika ndaki moja, naye huamua fani yake baadaye. Chuo Kikuu cha Pennsylvania kinafanana zaidi na Cornell, kwa kuwa mwombaji huchagua mmoja kati ya milango minne: sanaa na sayansi, uhandisi, uuguzi, au shule ya biashara ya Wharton. Mengi yaliyosemwa hapa yatamfaa pia anayeomba huko.

Ndaki zenyewe ni zipi?

Kwa shahada ya kwanza zipo nane. Ndaki ya Sanaa na Sayansi ina zaidi ya fani 40, kuanzia fizikia hadi fasihi. Ndaki ya Kilimo na Sayansi za Viumbe Hai ni pana kuliko jina lake: pamoja na mazao na mifugo, hufundisha biolojia, mazingira, mawasiliano na maendeleo ya dunia. Ndaki ya Uhandisi haihitaji maelezo. Ndaki ya Ikolojia ya Binadamu, ambayo zamani iliitwa ya uchumi wa nyumbani, leo inahusika na lishe, afya ya jamii, makuzi ya mtoto, ubunifu wa mazingira ya ndani ya majengo na sayansi ya nguo. Ndaki ya Usanifu Majengo, Sanaa na Mipango hudai mkoba wa kazi za mikono yako kwa fani za usanifu majengo na sanaa, na shahada yake ya usanifu majengo huchukua miaka 5. Shule ya Sera za Umma ya Brooks ndiyo changa kuliko zote, kwani ilianzishwa mwaka 2021.

Ndaki ya Biashara ya SC Johnson ina sehemu mbili zinazoombwa na wanafunzi wa shahada ya kwanza kila moja kivyake. Moja ni Shule ya Dyson, inayofundisha uchumi tumizi na usimamizi na ambayo pia ni sehemu ya ndaki ya kilimo. Nyingine ni Shule ya Hoteli ya Nolan, ambayo mafunzo yake yalianza mwaka 1922 na ambayo ina hoteli halisi ndani ya eneo la chuo, hoteli ya Statler, ambamo wanafunzi hufanya kazi wakijifunza. Mtoto wa Zanzibar, Arusha au Mombasa aliyekulia katika biashara ya wageni asiipite shule hii haraka kwa kudhani kwamba inafundisha kutandika vitanda, kwa maana somo lake kubwa ni fedha, majengo ya biashara na uendeshaji wa kampuni.

Nimeiacha mwisho Shule ya Mahusiano ya Viwanda na Kazi, inayojulikana kwa herufi ILR, kwa sababu karibu hakuna mwanafunzi wa kwetu anayeifahamu, nami naona hilo ni pengo kubwa. Ilianzishwa mwaka 1945, na ina fani moja tu ambayo wote wanaisoma: sheria za kazi, historia ya wafanyakazi, majadiliano kati ya vyama na waajiri, usimamizi wa rasilimali watu, uchumi wa ajira na takwimu. Frances Perkins, aliyekuwa waziri wa kazi wa Rais Franklin Roosevelt na mwanamke wa kwanza katika baraza la mawaziri la Marekani, alifundisha hapo katika miaka ya mwisho ya maisha yake. Kijana anayetaka kuwa wakili, au aliyewahi kuona mgomo wa walimu au wa madaktari nyumbani kwao akajiuliza ni nani huamua mshahara wa nani na kwa nguvu gani, atakuta maswali yake yote yamepangwa kuwa kozi.

Ndaki ipi ni rahisi kuingia?

Hili ndilo swali ninaloulizwa zaidi, na ndilo lililowapotosha wengi. Ni kweli kwamba kiwango cha kupokelewa hakifanani katika ndaki zote, na kwamba kwa chuo kizima kimekuwa chini ya asilimia 10 katika miaka ya karibuni. Lakini kiwango hicho kinaeleza tu idadi ya waliobisha hodi ikilinganishwa na nafasi zilizokuwapo. Hakielezi jinsi mlango ulivyo mgumu kwako wewe. ILR hupata waombaji wachache kuliko Ndaki ya Sanaa na Sayansi kwa sababu vijana wanaowaza sheria za kazi wakiwa na miaka 18 ni wachache, na hao wachache huja na ushahidi: midahalo waliyoshiriki, kesi walizofuatilia, kazi waliyofanya katika duka la mjomba na walichojifunza kuhusu malipo ya vibarua. Ukijipanga nyuma yao kwa sababu tu foleni ni fupi, utakuwa umeingia katika foleni ya watu waliojiandaa kukuzidi.

Mwanafunzi mmoja niliyemshauri alikuwa na alama za juu sana katika fizikia na hisabati, na alikuwa ametumia miaka miwili kujenga vifaa vya umeme pamoja na wenzake shuleni. Ndugu mmoja alimwambia kwamba kilimo ndicho mlango mwepesi. Akaiacha ndaki ya uhandisi, akaandika insha kuhusu mapenzi yake kwa shamba la bibi yake, ambalo kwa kweli alilitembelea wakati wa likizo tu. Alikataliwa. Siwezi kusema kwamba hiyo ndiyo sababu pekee, kwa kuwa chuo hakitoi sababu, lakini nilipoisoma insha ile baadaye sikumwona yeye ndani yake. Ofisa wa udahili wa ndaki ya kilimo husoma mamia ya insha za vijana waliolima kweli, na tofauti huiona mapema.

Kwa hiyo swali ninaloomba uliulize badala ya lile ni hili: ni ndaki ipi ambayo jalada langu, kama lilivyo sasa, tayari linaizungumzia? Weka matokeo yako, shughuli zako na barua za walimu wako mezani, mpe mtu asiyekujua, kisha mwulize anadhani unaomba ndaki gani. Jibu lake likitofautiana na ulichoandika kwenye fomu, kimojawapo kinahitaji kubadilika.

Fani ninayoitaka ipo katika ndaki zaidi ya moja. Nichague vipi?

Hapa ndipo penye kazi halisi ya kuchagua. Cornell ina fani kadhaa ambazo zinamilikiwa na ndaki mbili au tatu kwa pamoja. Walimu ni walewale, kozi za msingi ni zilezile, na shahada inaheshimika sawasawa. Kinachotofautiana ni mambo mengine yote utakayolazimishwa kusoma, nayo yanaweza kufikia nusu ya muda wako wa miaka minne.

Chukua sayansi ya kompyuta. Unaweza kuisoma ukiwa Ndaki ya Uhandisi au ukiwa Ndaki ya Sanaa na Sayansi. Ukiwa uhandisi, utasoma hisabati zaidi, fizikia na kemia, na kozi za jumla za kihandisi pamoja na wenzako watakaojenga madaraja na injini. Ukiwa sanaa na sayansi, utatakiwa kutimiza sharti la lugha ya kigeni na kugawanya kozi zako katika maeneo mbalimbali kama historia, maadili, sanaa na sayansi ya jamii. Mwanafunzi wa PCM (tahasusi ya fizikia, kemia na hisabati) ambaye hujisikia nyumbani katika maabara, na ambaye kozi ya historia ingekuwa adhabu kwake, ana jibu lake. Mwanafunzi anayependa kuandika programu lakini pia husoma riwaya hadi usiku wa manane naye ana lake. Katika njia zote mbili kuna masharti ya alama unayopaswa kutimiza katika kozi za awali kabla ya kukubaliwa rasmi katika fani yenyewe, kwa hiyo usidhani kwamba kuingia chuoni peke yake kunamaliza jambo.

Biolojia iko katika Ndaki ya Kilimo na katika Ndaki ya Sanaa na Sayansi, nayo inaendeshwa kwa pamoja. Tofauti ni ileile: upande wa sanaa na sayansi una sharti la lugha na masomo mapana ya kibinadamu, na upande wa kilimo hukuvuta kuelekea sayansi tumizi, ukiwa karibu na watu wanaoshughulikia mimea, wanyama, udongo na chakula. Cornell imeongoza mradi wa kuzalisha mbegu bora za mihogo ulioanza mwaka 2012 kwa kushirikiana na watafiti wa Nigeria, Uganda na Tanzania, katika mapambano dhidi ya batobato na michirizi kahawia. Mwanafunzi wa kanda ya Ziwa aliyeona shamba la familia likinyauka kwa maradhi hayo ana sababu ya kwenda ndaki ya kilimo ambayo hakuna mshauri anayeweza kumtungia.

Lishe inapatikana Ikolojia ya Binadamu na Kilimo. Sayansi ya habari inapatikana katika ndaki tatu: kilimo, sanaa na sayansi, na uhandisi. Uchumi wa nadharia uko sanaa na sayansi, lakini anayetaka uchumi ulioungana na biashara na masoko ataangalia Dyson, na anayevutiwa na uchumi wa ajira ataangalia ILR. Wengi huona neno biashara wakakimbilia Dyson. Fahamu kwamba Dyson hupokea wanafunzi wachache sana, na kwamba mhitimu wa uchumi kutoka sanaa na sayansi hafungiwi milango ya benki wala ya kampuni.

Njia ya kuamua ambayo nimeona ikiwasaidia wengi ni hii. Fungua orodha ya masharti ya kuhitimu ya kila ndaki unayoifikiria, siyo ukurasa wa kujitangaza bali ile orodha kavu ya kozi na idadi ya vipimo vya masomo (credits). Andika kwenye karatasi ratiba ya kubuni ya mihula minane. Ratiba utakayoiangalia ukatamani ingeanza kesho, hiyo ndiyo ndaki yako.

Tahasusi yangu inanifungia mlango gani?

Ndaki ya Uhandisi ndiyo yenye masharti makali zaidi: inataka fizikia, kemia na hisabati inayofikia kalkulasi. Mwanafunzi wa PCM anatimiza yote kupitia Hisabati ya Juu. Mwanafunzi wa PCB (fizikia, kemia na biolojia) anasoma Hisabati Tumizi ya Msingi, ambayo hugusa kutofautisha na kuunganisha, lakini atahitaji kuonyesha kwamba hisabati yake ina uzito, na mimi humshauri afikirie kwanza biolojia, lishe au sayansi za mazingira kabla ya kung'ang'ania uhandisi. Mwanafunzi wa Kenya aliyesoma hisabati ya kidato cha nne amekutana na kalkulasi ya mwanzo. Fizikia na kemia ziwe zimo pia katika masomo aliyofanyia mtihani.

Wa EGM (uchumi, jiografia na hisabati) na HGE (historia, jiografia na uchumi) wako katika nafasi nzuri kwa Dyson, ILR, Brooks na uchumi wa sanaa na sayansi, alimradi hisabati yao isiwe dhaifu. Wa HGL (historia, jiografia na Kiingereza) na HKL (historia, Kiswahili na Kiingereza) mara nyingi hudhani kwamba Cornell si yao. Ndaki ya Sanaa na Sayansi imejengwa kwa ajili ya watu kama wao pia, na ILR hupenda wasomaji na waandishi wazuri. Kiswahili chenyewe hufundishwa Cornell chini ya kituo cha taaluma za Afrika kilichoanzishwa mwaka 1969, kwa hiyo mwanafunzi aliyebobea katika lugha hii hafiki kwenye chuo kisichojua thamani yake.

Wazazi wangu wanataka niwe daktari. Niombe ndaki ipi?

Wazazi wengi hushtuka wanapoambiwa kwamba hakuna ndaki ya udaktari ya kuomba baada ya kidato cha sita. Nchini Marekani udaktari husomwa baada ya shahada ya kwanza, na shule ya tiba ya Cornell, Weill Cornell, haiko Ithaca bali iko katika jiji la New York, ikiwa na udahili wake tofauti kabisa. Jina hilo linafahamika Mwanza, kwani chuo cha sayansi za afya cha Bugando, kilichoanza mwaka 2003, kiliwahi kubeba jina la Weill Bugando. Maandalizi ya udaktari katika shahada ya kwanza si fani. Ni mkusanyiko wa kozi za biolojia, kemia, fizikia na nyinginezo, ambazo unaweza kuzisoma ukiwa karibu ndaki yoyote. Wapo wanaojiandaa wakiwa Ikolojia ya Binadamu, wengine wakiwa kilimo, na wengine wakisoma historia.

Nina wajibu wa kusema jambo moja kwa wazazi waziwazi. Kwa mwanafunzi asiye raia wa Marekani, kuingia shule ya tiba ya huko baada ya shahada ya kwanza ni kugumu sana, na fedha za kusomea ni ngumu zaidi kupata. Chuo kikuu cha afya cha Muhimbili, Dar es Salaam, humfikisha mwanafunzi kwenye shahada ya udaktari kwa miaka 5 moja kwa moja kutoka kidato cha sita, ikifuatwa na mafunzo ya vitendo. Kama lengo la familia ni daktari wa kutibu watu, na si kitu kingine, basi njia ya Muhimbili au Bugando ni fupi na ya uhakika zaidi. Cornell inamfaa anayevutiwa na sayansi iliyo nyuma ya tiba: utafiti, lishe, afya ya jamii, sera za afya.

Sijui bado ninachotaka kusoma. Je, hilo litanihukumu?

Halitakuhukumu, lakini linaamua ndaki kwa sehemu kubwa. Sanaa na Sayansi inaruhusu kuingia bila fani na kuitangaza kufikia mwisho wa mwaka wa pili. Uhandisi pia humpokea mwanafunzi ambaye hajajua kama anataka umeme au mitambo, mradi anajua kwamba anataka uhandisi. Ndaki ya kilimo hutaka utaje fani tangu mwanzo. ILR haina tatizo hilo kwa kuwa fani ni moja. Kutojua kuna namna mbili: kuna kutojua kwa mtu anayevutiwa na mambo manne na hawezi kuacha hata moja, na kuna kutojua kwa mtu ambaye hajajiuliza. Wa kwanza ana mengi ya kuandika. Wa pili aanze kwa kusoma maelezo ya kozi kabla ya kugusa fomu.

Insha ya ndaki inataka nini hasa?

Mbali na insha kuu ya Common Application, yaani fomu ya pamoja ya maombi ya vyuo vingi vya Marekani, kila ndaki ina swali lake, na kiini chake hakibadiliki sana: kwa nini wewe, kwa nini fani hii, na kwa nini hapa. Kosa ninalokutana nalo zaidi ni kuisifu Cornell. Maofisa wanajua kwamba chuo chao kimeanzishwa mwaka 1865, kwamba mandhari ya Ithaca ina maporomoko ya maji, na kwamba maktaba ni kubwa. Hawakujui wewe. Anza na swali ambalo limekukaa kichwani kwa muda mrefu, lieleze lilivyoanza kwa tukio moja mahususi, eleza ulichofanya ili kulijibu kwa uwezo mdogo uliokuwa nao, kisha onyesha ni kozi ipi, maabara ipi au namna gani ya ufundishaji katika ndaki hiyo itakayokupeleka hatua inayofuata ambayo huwezi kuifikia ulipo.

Jaribio rahisi la insha yako ni kubadilisha jina la ndaki. Ukiweka ndaki nyingine na insha ikaendelea kusomeka vizuri, basi hujaandika insha ya ndaki. Ukifanya hivyo ikavunjika, umefika. Na kama umejaribu mara tatu kuandika sababu za kutaka ndaki fulani, na kila mara unajikuta ukitafuta maneno ya kujazia, usiidharau dalili hiyo; huenda tatizo si uandishi wako bali ni ndaki uliyoichagua.

Nikiingia kupitia ndaki moja, naweza kuhamia nyingine?

Utaratibu wa kuhama upo, na kila mwaka wapo wanaohama. Lakini ndaki unayokwenda ndiyo huamua, kwa kuangalia alama zako za chuoni, kozi ulizokwisha soma na sababu zako, na hakuna ahadi ya kukubaliwa. Anayeingia ndaki ya kilimo kwa mpango wa kuhamia Dyson au uhandisi baada ya mwaka mmoja anaweka rehani miaka minne kwa matumaini, na akikataliwa atabaki na fani ambayo hakuitaka. Sijawahi kumshauri mtu kufanya hivyo.

Jambo la kutia moyo ni kwamba mipaka kati ya ndaki si kuta. Mwanafunzi wa ndaki moja anaweza kusoma kozi nyingi za ndaki nyingine na kuchukua fani ndogo nje ya ndaki yake. Mhandisi anaweza kusoma kozi ya ILR, na mwanafunzi wa lishe anaweza kujifunza kuandika programu. Mara nyingi kile ambacho mtu alidhani anahitaji kuhama ili akipate hukipata bila kuhama.

Je, ndaki ninayochagua inaathiri ada au msaada wa kifedha?

Kwa mwanafunzi kutoka Afrika Mashariki, karibu haiathiri. Utasikia kwamba kilimo, Ikolojia ya Binadamu na ILR zina ada nafuu. Ni kweli, lakini nafuu hiyo ni ya wakazi wa jimbo la New York, kwa sababu jimbo lao ndilo linalozichangia. Wewe utatozwa kiwango kamili, na gharama zote kwa mwaka, pamoja na malazi na chakula, zinapita dola 85,000.

Msaada hutolewa kwa kuangalia uwezo wa familia, si kwa kuangalia ndaki wala ufaulu. Vyuo vya Ivy League, kundi la vyuo vinane vya Marekani ambamo Cornell imo, havitoi ufadhili wa sifa za kitaaluma. Cornell hukidhi mahitaji yaliyothibitishwa ya mwanafunzi iliyempokea, ila kwa waombaji wa kigeni uwezo wa kulipa huzingatiwa wakati wa kuamua nani apokelewe, na fedha zilizotengwa kwa ajili yao ni chache. Omba msaada huo pamoja na maombi ya udahili. Baadhi ya familia huficha hitaji lao zikitarajia kuomba baadaye, na hugundua kwamba kwa mwanafunzi wa kigeni mlango huo ulifungwa siku fomu ilipotumwa. Ada ya maombi yenyewe inaweza kusamehewa kwa anayeomba msamaha.

Vipi kuhusu SAT?

Kwa miaka kadhaa baada ya janga la UVIKO-19, ndaki zilitofautiana: baadhi hazikuangalia kabisa alama za mtihani huu wa kujiunga na vyuo vya Marekani, nyingine ziliacha hiari. Kuanzia wanaotarajia kujiunga mwaka 2026, chuo kizima kimerudisha sharti la SAT au mwenzake, ACT. Vituo vya mtihani kwetu ni vichache, kwa hiyo jisajili miezi mingi kabla.

Je, uchaguzi wa ndaki unaathiri ruhusa ya kufanya kazi baada ya kuhitimu?

Kwa kanuni zilizopo, mwenye viza ya mwanafunzi ya F-1 anaweza kufanya kazi inayohusiana na masomo yake kwa miezi 12 baada ya kuhitimu, na anayesoma fani iliyoorodheshwa kama ya sayansi, teknolojia, uhandisi au hisabati anaweza kuongezewa miezi 24. Kinachoangaliwa ni namba ya fani katika orodha ya serikali, si jina la ndaki, kwa hiyo fani mbili zinazofanana zinaweza kuwa na hatima tofauti. Iulize ofisi ya ndaki kwa barua pepe ni namba gani inayotumika, na ufuatilie kanuni za viza kwa nchi yako, kwani hubadilika. Nakusihi tu usiruhusu jambo hili liwe la kwanza katika kuamua.

Ndaki hizi ni sawa na zile za Oxford na Cambridge?

Hapana. Kule ndaki ni mahali unapoishi na kupata mafunzo ya karibu, na maombi yako huwa ya kozi. Kwa Cornell ndaki ndiyo inayobeba masomo yenyewe.

Naweza kuomba ndaki moja katika maombi ya mapema, na nyingine katika maombi ya kawaida nikikosa?

Haiwezekani. Kwa mwaka mmoja wa udahili una maombi mamoja. Maombi ya mapema hufungwa tarehe 1 Novemba na humfunga mwombaji: ukipokelewa, unatakiwa kwenda na kuondoa maombi yako kwingine, jambo ambalo familia inayotegemea msaada wa fedha inapaswa kulijadili kwa makini kabla ya kutia saini. Maombi ya kawaida hufungwa tarehe 2 Januari. Jibu la maombi ya mapema hutolewa katikati ya Desemba, nalo laweza kuwa kukubaliwa, kukataliwa, au kuahirishwa. Aliyekataliwa hawezi kuomba tena mwaka huo hata kwa ndaki nyingine, na aliyeahirishwa husomwa upya pamoja na waombaji wa kawaida, katika ndaki ileile aliyoitaja mwanzo. Mwanafunzi wa Tanzania anayefanya mtihani wa kidato cha sita mwezi Mei na kupata matokeo Julai ana miezi mitatu na zaidi kabla ya Novemba. Hiyo ndiyo miezi ya kukaa na orodha za kozi, pamoja na mzazi na mwalimu mmoja anayemfahamu vizuri, na kuandika ile ratiba ya mihula minane.